Inchi Kumi na Saba Pale Shingoni

Columbus, Ohio
11 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na kuni zimejaa barazani. Mimi huku sijambo, ila mafua ya Krismasi yameniachia kikohozi cha mzee wa miaka themanini. Mikate ya iliki uliyotuma ilifika, miwili imevunjika njiani. Hiyo niliila kwanza, kwa huruma.

Nakuandikia kuhusu ule ukurasa wetu wa barafu. Nilipoujenga mwaka ule baba alipofariki, nilitaka tu usiwe unaendesha gari kila asubuhi hadi dukani kwa Merle kuandika vipimo vya unene wa barafu ya ziwa kwa chaki. Sasa una miaka sita, na kwa mambo ya kompyuta huo ni ukongwe. Programu kama hii hujengwa juu ya kiunzi, yaani kazi ya msingi iliyokwisha kufanywa na watu wengine, na wewe unagongelea mbao zako juu yake. Kiunzi changu ni toleo la zamani. Kampuni inayotuhifadhia ukurasa imeandika kwamba mwisho wa mwezi huu haitalipokea tena. Nisipohamia toleo jipya, ukurasa utazimika katikati ya msimu, na Vernon, baba yangu wa ubatizo, atanitukana mpaka nimsikie huku bila simu. Mwambie atulie, nitaimaliza.

Nimetenga Jumamosi ijayo, tarehe 18. Wewe endelea kama kawaida: toboa mashimo yako matatu, pima, andika namba kwenye simu. Na tafadhali, acha kunakili kwenye lile daftari. Miaka sita, mama! Unajigandisha vidole bure. Kompyuta haisahau.

Msalimie Ardis, mkewe Vernon.

Mwanao,
Garth

*

Otterneck, Minnesota
26 Januari

Mwanangu Garth,

Marahaba. Barua yako ilifika Alhamisi, nikaisoma nikiwa bado na buti miguuni. Mimi ni mzima. Goti linanung'unika lakini linatembea, na hicho ndicho ninachokitaka kwake. Kikohozi chako kichemshie maziwa na kitunguu. Usikunje uso, nakujua. Bibi yako alilea watoto saba kwa maziwa na kitunguu na hakuna aliyekufa kwa harufu.

Sasa nikupe sifa zako. Jumapili baada ya ibada Vernon alinifuata ukumbini na kikombe chake, sauti juu kama kawaida yake. "Aili! Mwambie huyo mtoto kidole changu hakijatoka kwenye kioo ukurasa umeshafunguka. Zamani nilikuwa naweka kahawa jikoni, naivizia, nainywa, ndipo unafunguka."

Ardis akamwambia, "Vizuri. Sasa utakunywa kahawa na mimi, si na simu."

"Na wewe utafunguka upesi hivyo?" Vernon akamwuliza. Mchungaji alikuwa amesimama pale pale, akajifanya anatafuta sukari. Miaka arobaini na sita ya ndoa, na bado wanachokozana kama wanafunzi.

Hata mimi naona tofauti. Nikiandika namba zangu, neno la asante linatokea papo hapo, naifunga simu naiweka mfukoni kabla vidole havijafa ganzi. Daftari nimeliacha kwa kuwa umeniomba. Siku tatu za kwanza mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe.

Jambo moja tu. Siku hizi hakuna anayetoboa tena hapa isipokuwa mimi. Wanatazama rangi: kijani wanapita na gari, njano wanatembea kwa miguu, nyekundu wanabaki nyumbani kugombana na wake zao. Hata Vernon, aliyekufundisha wewe kutoboa kila hatua hamsini, keekee yake ameitundika tangu alipowekewa goti la chuma. Anasema, "Aili ndiye keekee yangu." Nacheka, lakini nikifika pale Shingoni, ziwa linapobana na maji yakikimbia chini, huwa napima mara mbili.

Kula vizuri.

Mama yako,
Aili

*

Columbus
4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini baridi haijakuzidi. Kikohozi kimekwisha, na ndiyo, nilikunywa maziwa na kitunguu, na hapana, sirudii.

Nimefurahi mno kusikia hayo ya Vernon. Nakiri ile Jumamosi iligeuka Jumamosi na Jumapili. Toleo jipya limebadilisha mambo mengi, orodha ya mabadiliko peke yake ni kurasa arobaini. Nilisoma zile zilizonihusu, nyingine nikazipitisha macho. Kila kitu kilikuwa kinagoma: leo kitufe, kesho rangi. Mwishowe kikakubali. Kwenye kompyuta yangu hapa nyumbani niliandika vipimo vya uongo, ishirini, kumi, tano, na kila mara rangi ilibadilika ilivyotakiwa. Ndipo nikaupandisha mtandaoni. Kazini kwangu nafanya mambo makubwa kuliko haya na hakuna anayeniambia asante, kwa hiyo Vernon mwambie arudie zile sifa, kwa sauti, mbele ya watu.

Wewe ukipima Shingoni uwe unashika ile fimbo ya chuma. Nakujua na wewe.

Mwanao,
Garth

*

Otterneck
27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu ni njema, nashukuru. Wiki hii kumekuwa na joto la ajabu, theluji inadondoka kutoka paani kwa vishindo na mimi naruka kila mara. Ardis aliniletea supu ya mbaazi Alhamisi, kama ilivyo desturi, na mimi nikampa nyama ya paa niliyobakiza. Wewe unakula nini? Usiseme pizza.

Nimekasirika kidogo, nikueleze halafu inipoe. Jana dukani kwa Merle, Vernon alinipigia makofi nilipoingia. "Watu wangu, huyu hapa bibi wa barafu! Aili, hebu tuambie, siku hizi unapima au unanakili? Namba zako hazikui, hazipungui. Zimenata."

Merle akacheka. Mimi nikamwambia Vernon, "Theluji ikilala juu ya barafu ni blanketi, barafu haikui. Hata mtoto wa shule anajua. Na kama una mashaka, keekee yako iko ukutani, ishushe."

"Nishushe na goti hili? Si bora niendelee kuamini uongo wako," akasema, na akaninunulia kahawa. Ni utani wake, najua. Lakini mimi kila asubuhi giza halijaisha nipo kule juu ya ziwa peke yangu, na kuambiwa mbele ya watu kwamba nanakili, kuliniuma. Sijawahi kuandika namba ambayo sikuipima. Hata siku ya mazishi ya baba yako nilipima.

Basi, imeshapoa. Kukuandikia kunanisaidia.

Mama yako,
Aili

*

Columbus
6 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na pole kwa kuchokozwa. Mimi mzima, kazi tu ndiyo nyingi.

Nimecheka peke yangu niliposoma. Vernon huyo! Mwambie avae miwani, au amwombe Ardis amsomee. Kama namba zingekuwa zimenata ningejua, mimi ndiye niliyejenga kitu chenyewe. Usimpe nafasi mzee yule, akijua imekuuma hatakuacha mpaka kiangazi.

Nitakuja mwezi wa tano tupake rangi sauna. Nakubusu.

Mwanao,
Garth

*

Otterneck
22 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Usiku ule nilipokupigia sikuweza kusema, nililia tu. Simu sina maneno nayo. Kwenye karatasi naweza kupumzika katikati ya sentensi, kwa hiyo naandika.

Vernon tumemzika jana. Wazamiaji walimpata Jumatatu. Ulisema utakuja, nikatandika kitanda chako, kisha ukatuma ujumbe kwamba kazi imekubana. Ardis aliniuliza kanisani, "Garth hayupo?" Nikasema kazi. Hakuniuliza kitu kingine, na tangu hapo hajanisemesha.

Jumamosi tarehe 15 ilikuwa siku ya mwisho ya kutoa ziwani vibanda vya kuvulia samaki vinavyokaa juu ya barafu. Wenzake walishatoa vyao wiki iliyotangulia. Yeye goti lilimchelewesha. Asubuhi nilipima kama kawaida. Shingoni ilikuwa inchi saba, na barafu yenyewe ya kijivu, keekee ilishuka bila kusukumwa. Niliandika saba. Saa nne asubuhi Vernon alipita pale na pikapu akivuta kibanda chake. Merle aliona akiwa mlangoni mwa duka. Anasema barafu ilifunguka, na muda wa kuvaa koti haukupita gari likawa limezama.

Afisa wa polisi alikuja jikoni kwangu mchana ule. Kijana mwenye adabu, alivua buti. Alinionyesha ukurasa kwenye simu yake. Juu, tarehe ya leo. Chini, Shingoni, inchi kumi na saba, kijani.

Nikamwambia, "Mimi niliandika saba."

Akanitazama kwa upole. "Mama Kangas, kidole kinaweza kugusa namba moja na mwenyewe asijue. Hasa mkono ukiwa na baridi."

Kesho yake niliandika sita, na ukurasa ukaonyesha sita, nyekundu. Kila mtu aliona. Kwa hiyo mashine ni nzima, Garth. Mimi ndiye niliyekosea. Ardis anawaambia watu kwamba asubuhi ile Vernon alimwonyesha simu wakinywa kahawa, akamwambia, "Kumi na saba, mama. Aili kasema." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia kuhusu safari ile.

Naiona ile saba kwenye kioo nikifumba macho. Naiona peke yake, haina moja mbele. Lakini mama yangu mzazi naye alianza hivi, aliapa siagi ameiweka mezani na tukaikuta kwenye kikapu cha sindano. Naye alikuwa anaiona mezani.

Wewe unajua mambo ya ndani ya ukurasa. Unaweza kuona nilichoandika siku ile? Niambie tu, hata kama ni kumi na saba. Nataka kujua kama kichwa changu bado kina akili.

Mama yako,
Aili

*

Columbus
30 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini unalala na unakula. Mimi sijambo. Nisamehe sana kwa mazishi, hapa kazini walinibana kweli. Namlilia Vernon kila siku.

Kuhusu ulichouliza, nimeangalia. Si rahisi kusema kwa uhakika. Kumbukumbu za siku ile zimechanganyika, na mitandao nayo ina mambo yake. Usijitese na swali ambalo huenda halina jibu. Barafu ya mwaka huu ilikuwa mbaya kote, na Vernon alikuwa mtu mzima mwenye macho yake. Hakuna anayekulaumu. Mtu wa umri wako kutoka kila asubuhi kwa ajili ya wengine, watu wanajua hilo.

Pumzika. Msimu umekwisha hata hivyo.

Mwanao,
Garth

*

Otterneck
13 Aprili

Mwanangu Garth,

Marahaba. Natumaini kazi imepungua. Mimi mwili hauna neno.

Nimeisoma barua yako na nimeelewa. Hukutaka kuniumiza, kwa hiyo hukusema. Kama ingekuwa saba ungeniambia upesi. Asante kwa upole wako.

Jumapili iliyopita ukumbini, watu wakinywa kahawa, nilikwenda kukaa mbele ya Ardis. Nikamwambia, "Ardis, ni mimi. Niliandika kumi na saba badala ya saba. Sikumbuki, lakini ni mimi. Nisamehe." Vijiko vyote vilitulia. Ardis akasema, "Ulipaswa kuacha kazi hiyo zamani, Aili." Akainuka akaenda kuchukua koti lake. Ana haki.

Jumatano tarehe 9 nilikwenda mjini kwa daktari. Mwanamke mdogo, mikono ya moto. Alinipa maneno matano nikariri: kiti, ufunguo, mto, njano, bata. Akaniambia nichore saa ya ukutani, mishale ikionyesha saa tano na dakika kumi. Garth, mimi niliyefunga hesabu za shule yote kwa miaka thelathini na moja, nilishika ile penseli kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nilichora duara, nikaogopa kuweka namba. Nilizihesabu kwa vidole chini ya meza ili asinione. Saa ilitoka sawa. Maneno niliyakumbuka manne, mto ulipotea. Akasema si vibaya, turudie baada ya miezi sita. Lakini aliandika kitu kirefu, na alinifungulia mlango kama wanavyowafungulia wazee.

Nimeanza kuweka kikaratasi kando ya jiko. Kila ninapozima naandika nimezima. Halafu narudi kutazama jiko, halafu natazama kikaratasi, na siamini hata kimoja. Keekee nimempa Merle, atatafuta mtu. Gari nalo nafikiria. Kama naweza kumuua Vernon na nisijue, sijui ni nini kingine nimeshafanya.

Ukija mwezi wa tano tuzungumze kuhusu nyumba. Ziko nyumba za wazee kule mjini Virginia, huku huku Minnesota, na si mbaya sana.

Mama yako,
Aili

*

Columbus
24 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sitauliza hali, umeshaniambia.

Uliandika saba. Tarehe 15 Machi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Shingoni, saba. Imo kwenye hifadhi ya namba zako, naitazama sasa hivi ninapoandika. Tarehe 14 uliandika nane. Tarehe 13 uliandika tisa. Tangu Januari hukukosea hata siku moja.

Aliyekosea ni mimi. Lile toleo la zamani la kiunzi, kila mtu alipofungua ukurasa, lilikwenda kwenye hifadhi kuuliza namba ya leo. Toleo jipya haliulizi. Siku unapoupandisha linaupiga ukurasa picha, na baada ya hapo kila mtu anaonyeshwa ile picha. Ndiyo maana ulikuwa unafunguka upesi vile. Ukitaka liulize, unaongeza mstari mmoja. Uliandikwa kwenye ile orodha ya kurasa arobaini, katika zile nilizopitisha macho. Kwenye kompyuta yangu nyumbani, mtu akiwa bado anajenga, hilo la picha halifanyiki, kwa hiyo majaribio yangu yote yalitoka sawa. Tarehe ya juu ilitoka kwenye simu ya msomaji mwenyewe, kwa hiyo kila siku ilisoma leo. Tarehe 19 Januari, nilipoupandisha, Shingoni ilikuwa na inchi kumi na saba. Watu walitazama hiyo kumi na saba kwa siku hamsini na sita.

Vernon aliona. Alisema zimenata, na wewe ukaniandikia. Ningefungua ukurasa dakika moja tu ningeona. Nikakuambia avae miwani.

Sasa lililo baya zaidi. Sikuligundua juzi. Uliponipigia simu usiku wa tarehe 15 ukilia, nilifungua kompyuta hata kabla hujakata. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimejua. Niliongeza ule mstari, nikaupandisha ukurasa upya watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo kesho yake sita yako ilionekana, na wote wakasema mashine ni nzima. Nilijua watasema hivyo. Sikuja mazishini kwa sababu nisingeweza kushika mkono wa Ardis. Uliponiuliza nikakuambia kumbukumbu zimechanganyika. Nilijiambia wewe ni mzee, watu wanakupenda, watakusamehe kwa wiki moja, lakini mimi hawatanisamehe, na huenda kuna kesi, na kazini wakijua nimekwisha. Nilipanga kukuambia baadaye, mambo yakitulia.

Halafu ikaja barua yako ya saa na penseli. Nimeisoma kila siku kwa siku saba ndipo nikaandika hii.

Kichwa chako ni kizima, mama. Usiuze nyumba. Usiandike tena vikaratasi. Naomba sana hili libaki kati yetu kwa sasa, mpaka nipate mwanasheria wa kuzungumza naye. Niambie nifanye nini, nitafanya utakachosema.

Mwanao,
Garth

*

Otterneck
5 Mei

Garth,

Barua yako nimeipata. Natumaini wewe ni mzima. Hilo bado nalitaka.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikatoka nje nikatembea hadi ukingoni. Ziwa limefunguka wiki iliyopita, maji matupu. Nilifurahi, Garth. Nikuambie ukweli, kitu cha kwanza nilichosikia ni furaha. Niliandika saba. Nilisema kwa sauti, saba, saba, na bata wakaruka. Vernon yupo kaburini na mimi nilikuwa nacheka kando ya maji kwa sababu sijarukwa na akili. Hilo nalo umenifanyia.

Kosa la ule mstari nimelielewa. Mtu anajenga kitu, anapitiwa na kitu. Baba yako alimfungia mtu breki vibaya mwaka mmoja, na Mungu alipenda hakuna aliyekufa. Lile ningelia nalo na wewe, na ningesimama nawe mbele ya Ardis nikiwa nimekushika bega.

Lakini tarehe 15 ulijua. Tarehe 22 nilikuuliza, nikakuandikia kwamba nataka kujua tu. Tarehe 9 Aprili nilikuwa nahesabu namba za saa kwa vidole chini ya meza ya mtu. Nilimwomba Ardis msamaha kwa jambo ambalo mwanangu alijua sikulifanya. Kila siku ya hizo ulikuwa na kalamu, na simu, na mdomo.

Nimekwenda kwa Ardis jana na barua yako. Sikukuomba ruhusa. Aliisoma mezani, polepole, akavua miwani. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Alijua lini?"

"Siku ile ile."

"Kabla hawajamtoa majini?"

"Kabla hawajamtoa."

Akaikunja barua. Kisha akasema, "Mimi nilikuambia uache kazi, mbele ya watu wote." Akalia, na mimi nikalia. Hakusema lolote juu yako, wala mimi sikumwuliza.

Uliuliza ufanye nini. Jumapili ya tarehe 18 watu watakunywa kahawa ukumbini baada ya ibada, kama siku zote. Utakuja, utasimama mbele yao, useme kwa mdomo wako. Mwanasheria njoo naye ukitaka, kahawa ipo. Nitakuwekea kiti kando yangu. Usipokuja, barua yako nitaisoma mimi.

Usinipigie simu kabla ya hapo. Nikikusikia nitakuonea huruma.

Mama yako,
Aili

*

Otterneck
19 Mei

Garth,

Nilikusubiri mpaka kahawa ikapoa na Merle akaanza kukunja meza. Nikasimama nikaisoma, kurasa zote tatu. Nilipofika pale unaposema nitasamehewa kwa sababu mimi ni mzee, sauti ilikatika, na Ardis akaichukua karatasi mkononi mwangu akaimalizia yeye.

Mama yako,
Aili